IST inavuta kushoto nikikanyaga breki, Ijumaa nashuka mteremko wa Kitonga. Msaada wakuu

Ipogolo_Kwetu
Wakuu habari za jioni. IST yangu barabarani inanyooka vizuri, hata nikiachia usukani. Shida ni breki: nikikanyaga inavuta kushoto, nikikanyaga kwa nguvu usukani unataka kunitoka mkononi. Pedi za mbele ni mpya. Ijumaa natoka Iringa na familia kwenda Dar. Hii ni alaimenti au bushi?

Kipara
Alaimenti. Peleka kwenye mashine, kazi imeisha.

Spana_17
Alaimenti ingevuta muda wote. Gari likikanyagwa breki huvutwa upande unaoshika, kwa hiyo likienda kushoto kagua breki ya kulia kwanza. Mafundi wengi hufungua kushoto, wanakuta kuko sawa, wanabaki kulaumu usukani.

Sawazisha upepo wa tairi za mbele. Endesha kama kilomita 10 ukitumia breki kawaida, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Yenye ubaridi ndiyo mgonjwa. Piga jeki, weka stendi, toa kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski. Pini zake za kuteleza zitoke na kuingia kwa vidole tu. Zikigoma, pedi ya ndani huisha huku ya nje ikiwa bado nene. Zisafishe, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi huvimbisha vile vimpira na pini inakwama upya.

Mama_Gereji
Bushi, ule mpira wa kwenye maungio, nayo msiidharau. Ile ya nyuma kwenye mkono wa chini ikikatika, ukikanyaga breki tairi linarudi nyuma na kujikata upande. Ingiza msumari mkubwa au prai baa, sukasuka. Ikicheza, badilisha.

Mdau_Huru
Wakae wote upande wa kulia, itajisawazisha 😂

Mchungaji_Mtarajiwa
Unapakia watoto kwenye gari usiloliamini? Roho hainunuliwi dukani, ndugu yangu. Panda basi.

Spana_17
Ipogolo, pedi mpya zilifungwa kwa sababu gani? Mafuta ya breki yanapungua?

Ipogolo_Kwetu
Hayapungui.

Spana_17
Na kabla ya hizo pedi?

Ipogolo_Kwetu
Yalikuwa yanapungua kidogo.

Mama_Gereji
Kilifanyika nini yakaacha? Mafuta hayatubu yenyewe.

Ipogolo_Kwetu
Sawa. Kalipa moja ya mbele ilikuwa inavuja, pistoni ina kutu. Mpira wake haukupatikana siku ile, fundi akaikunja paipu ya chuma na kuiponda kwa nyundo, upande wa kushoto. Alisema breki tatu zinatosha kwa muda. Nimetembea wiki mbili salama. Nguo za send-off zimeshashonwa, kuahirisha haiwezekani.

Kobe_Mzee
Chai hii. Kushoto kumezibwa, halafu gari inavuta kushoto? Ingeenda kulia. Na pedi mpya kwenye kalipa isiyofika mafuta ni za nini? Mnatunga mambo mtujazie uzi.

Mdau_Huru
Naleta vitumbua.

Kipara
Nilisema alaimenti.

Spana_17
Subirini kwanza. Fundi alikuwa amesimama wapi aliposema kushoto?

Ipogolo_Kwetu
Mbele ya boneti, anatazama injini. Nimetoka na tochi sasa hivi. Paipu iliyopondwa iko upande wa dereva. Nilirudia neno lake tu.

Kobe_Mzee
Hapo sawa. Nairudisha chai.

Spana_17
Basi kushoto kwake ni kulia kwako, na ndiyo sababu inavuta. Hiyo gari mfumo wake umegawanywa kwa mshazari: mbele kulia na nyuma kushoto wana njia moja. Amekubakizia dramu moja tu ya nyuma kwenye njia hiyo, wakati kazi kubwa ya kusimamisha hufanywa na tairi za mbele. Kitonga diski ya kushoto itabeba kila kitu. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya unyevu inashuka mpaka 140. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni.

Ipogolo_Kwetu
Nikishuka na gia ya chini mteremko mzima?

Mama_Gereji
Gia inazuia mwendo usiongezeke. Lori likisimama ghafla mbele yako, gia haikusimamishi.

Ipogolo_Kwetu
Fundi anasema paipu anaweza kuinyoosha.

Spana_17
Usikubali. Chuma kilichopondwa kikinyooshwa hubaki na ufa, kitapasuka siku ukikanyaga kwa nguvu. Chukua paipu mpya, mdomo utanuliwe kwa mashine na kukunjwa mara mbili. Pistoni yenye kutu usiiwekee mpira mpya, utakatwa tena; badilisha kalipa nzima. Pedi zinunue seti, za kulia na kushoto kwa pamoja, kwa sababu za kushoto zimebeba mzigo wiki mbili. Kisha toa upepo kwenye breki mpaka mafuta yatoke bila povu, na chupa ya mafuta isikauke katikati ya kazi.

Ipogolo_Kwetu
Kuna kalipa ya mtumba hapa dukani. Ya kulia ndiyo ipi sasa?

Mama_Gereji
Kulia kwa aliyekaa kwenye kiti cha dereva. Ukiishikiza mahali pake, nipeli ya kutolea upepo lazima iwe juu. Ikitazama chini, wamekupa ya kushoto, na hapo upepo hautoki hata mkeshe mnapampu.