Meza nzito ya useremala, fundi akiwa kwenye kiti cha magurudumu: vipimo na mpango wa kazi

MbaoLangoni:

Asalaam aleikum mafundi. Nataka kuunda meza ya useremala, nzito, isiyocheza randa ikipita. Natumia kiti cha magurudumu muda wote na nitaiunda mwenyewe, msaidizi nitampata nusu saa tu kwa siku. Chumba kiko chini, mtaa wa Langoni, Lamu, sakafu ni saruji iliyopinda kidogo, mlango ukifunguliwa wote una sentimita 76.

Vipimo nikiwa nimekaa juu ya mto wangu: upana wa kiti 66, magoti yapo 63 kutoka sakafuni, kiwiko kilichokunjwa 71. Mikono ina nguvu, lakini siwezi kuinua kitu cha kilo 20 kutoka chini.

Maswali matatu. Meza iwe na urefu gani kwenda juu? Mbao ipi, ukikumbuka kila kitu kinapita Mokowe, upande wa bara, kinavuka kwa mashua, kisha mkokoteni au punda? Na nikisukuma randa, nitauzuiaje mwili na kiti visirudi nyuma?

TezoNaPatasi:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kutoa kipimo cha goti na cha kiwiko, kwa sababu meza yako yote imebanwa kati ya namba hizo mbili. Goti 63, uache nafasi ya 3, unafika 66. Ukiweka juu yake mbao ya 6 umefika 72, na hapo uso wa meza umepita kiwiko chako. Kupiga randa juu ya kiwiko ni kuchosha mabega bure, na randa haishiki kwa sababu uzito wa mwili hauiangukii. Ukipunguza mbao hadi 3 upate urefu mzuri, meza itadunda ukipiga patasi.

Dawa yake ni kuchonga kwa chini. Mbao za juu ziwe na unene wa sentimita 6, lakini pale magoti yanapoingia uzipunguze 2 kutoka upande wa chini, kwa tezo au patasi pana. Zinabaki 4 hapo peke yake, na 6 kamili juu ya miguu na pale unapopigia patasi. Uso wa meza unakuwa 70, magoti yanapita. Kazi hii ifanywe kabla ya kufunga, mbao ikiwa imelala mbele yako. Ikishafungwa hutaifikia.

Sasa uzito. Jambo la msingi: meza iwe nzito, lakini kipande chochote unachokishika kisizidi kilo 12. Usigundishe uso mzima. Tumia mbao nne, kila moja sentimita 180 kwa 14 kwa 6. Kwa mbao yenye uzito wa kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, kila moja ni karibu kilo 10, na ukiipandisha ncha moja kwanza unabeba nusu yake tu. Acha mwanya wa milimita 3 kati ya mbao na mbao. Vumbi litapita, si neno, na msimu wa mvua mbao zitapata pa kutanukia.

Fremu za ubavuni ni mbili. Kila moja: miguu miwili ya sentimita 10 kwa 10, urefu 54 bila ulimi (ncha iliyochongwa iingie kwenye tundu la boriti), boriti ya juu ya 57 kwa 10 kwenda juu kwa 7.5, ubao wa chini wa 10 kwa 5, uinuliwe 15 kutoka sakafuni. Ulimi wa mguu unaingia kwenye boriti ya juu sentimita 6, usitokeze juu. Fremu moja itakuwa kilo 12 hivi na inapita mlangoni ikiwa imelala. Uziweke ili kati yao pabaki 120.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: mbele hakuna ubao wa kuunga miguu, kwa sababu ndiyo njia ya magoti. Meza ya kawaida inasimama kwa nguvu za ubao huo. Ukiuondoa bila kuweka kitu badala yake, meza itayumba kwenda kushoto na kulia hata ikiwa na kilo 200. Kwa hivyo nyuma uweke mbao mbili za 12 kwa 5, moja juu moja chini, zifungwe kwa bolti za milimita 12 zinazopita kwenye mguu na kuingia kwenye kichwa cha ubao. Nati ikae ndani ya tundu la mraba lililochimbwa upande wa ndani wa ubao, sentimita 9 kutoka kichwani. Ukichimba karibu zaidi, mbao itapasuka ukikaza. Kisha funika nyuma yote kwa plaiwudi ya milimita 18, skurubu kila sentimita 12. Plaiwudi hiyo ndiyo inayozuia kuyumba. Bolti zinavuta tu.

Mbao: mwembe. Ni mzito wa kutosha, hupatikana kwa vipande vinene, na bei yake haiumizi. Udhaifu wake ni wadudu, hasa sehemu ya nje yenye rangi nyeupe, kwa hivyo ikate au uipake dawa ya mbao kabla ya kuunda. Mvule ni bora zaidi ukiupata, ila unga wake unawasha kifua na ngozi, funika pua. Mvinje una uzito lakini hupinda na kupasuka ukikauka. Uache uwe nguzo. Mbambakofi ni mbao ya milango, kuilaza iwe meza ya kupigia nyundo ni hasara. Mbao za jahazi kuukuu zinavutia kwa bei, lakini misumari iliyozama ndani itamaliza meno ya msumeno na makali ya randa.

BiRanda:

Namuunga mkono fundi hapo juu, isipokuwa nitaongeza la kusukuma, maana hilo ndilo litakaloamua kama meza itatumika au itageuka rafu.

Breki za kiti hazikutengenezwa kwa kazi hii. Zinabana tairi, na tairi lenyewe linateleza juu ya unga wa mbao. Tairi likipungua upepo, breki hata hailigusi vizuri. Halafu kuna hatari ya pili: gurudumu likishika kweli na wewe unasukuma kwa nguvu kwenye urefu wa 70, kiti hunyanyuka mbele na kupinduka chali. Kama kiti chako kina vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka, viwe chini kila unapopiga randa.

Njia ya kwanza: ukanda wa kufungia mzigo, upana sentimita 2.5, kutoka mguu wa meza hadi fremu ya kiti. Uufunge usawa wa kalio, kwenye bomba lisilofunguka. Usiufunge kwenye vikanyagio: vinachomoka, na viko chini mno kuzuia kupinduka. Ukanda uwe na kufuli la kubonyeza ulifungue kwa mkono mmoja, kwa sababu siku moto au moshi ukitokea hutataka kutafuta fundo.

Njia ya pili, na kwa mtu aliyekaa naiona bora: vuta badala ya kusukuma. Geuza randa ya chuma ya kawaida, makali yatazame kwako. Ukivuta, mwili na kiti vinakwenda mbele, na mbele unaweza kuweka kizuizi: kipande cha 5 kwa 10 kwenye sakafu, magurudumu madogo yakiegemea hapo. Wapiga randa wa Japani wanavuta siku zote. Keti ubavu na meza, kiti sambamba nayo, uvute kwa masafa ya sentimita 50 hivi, kisha usogeze kiti. Mbao izuiwe upande ulio karibu nawe, si wa mbali. Watu wanageuza randa wanasahau kugeuza kizuizi, mbao inawarukia mapajani.

Randa iwe kali na itoe unyoya mwembamba wa mbao. Aliyesimama anaweza kuilazimisha randa butu kwa uzito wa kiwiliwili. Aliyekaa hana uzito huo wa kukopa.

Na usifagie mara moja jioni tu. Fagia kila unapomaliza upande mmoja. Skurubu moja iliyodondoka ni pancha.

MbaoLangoni:

Shukran sana, nimeelewa habari ya plaiwudi na ya kuvuta. Mawili yamebaki. Nikijumlisha vipande napata kama kilo 80, je, inatosha? Na mbao za juu zitafungwaje? Kwa kawaida skurubu hupigwa kutoka chini, na mimi siwezi kuingia chini ya meza.

TezoNaPatasi:

Kilo 80 hazitoshi kwa randa. Ongeza mchanga. Mchanga mkavu ni karibu kilo 1.6 kwa lita, na uzuri wake ni kwamba unauongeza kwa kopo, kilo mbili mbili, meza ikiwa imeshasimama. Tengeneza sanduku la plaiwudi lenye upana 35, kina 45, kwenda juu 35, likae kushoto ndani ya meza. Magoti yatabakiwa na 85, na kiti chako ni 66, inatosha kuingia kwa pembe. Lita 38 zitakupa kilo 60. Tumia mchanga wa bara, wa pwani una chumvi, chumvi inavuta unyevu na bolti zitaoza.

Sanduku lisiguse sakafu. Likigusa, uzito unakwenda sakafuni na meza inabaki nyepesi vilevile. Liegemee ubao wa chini wa fremu na ubao wa nyuma, na ubao wake wa mbele ufungwe kwa skurubu kwenye mguu wa mbele kutoka juu hadi chini, la sivyo kona ya kulia itaning'inia. Jiliwa, yaani chombo cha kubania mbao, liwekwe juu ya hapo, kushoto, mbali na magoti. Acha nafasi kati ya sanduku na uso wa meza kwa ajili ya mwili wa jiliwa.

Kuhusu kufunga: yote kutoka juu. Kila mbao, skurubu mbili nene za kichwa cha spana kila upande, unene milimita 10, urefu sentimita 12. Zote ni 16. Kwanza chimba kisima cha sentimita 2.5 kwenda chini, upana wa kuingia soketi ya spana. Katikati yake toboa tundu la milimita 12 lipite mbao yote. Upana huo wa ziada ndio utakaoiruhusu mbao kutanuka bila kupasuka. Kwenye boriti ya juu toboa tundu la milimita 7. Paka skurubu sabuni kabla ya kukaza, mwembe mkavu unaweza kuikata shingo. Ukimaliza, ziba visima kwa vifuniko vya mbao bila gundi, maana itabidi ukaze tena.

Mpangilio wa kusimamisha: fremu ya kushoto iegemee ukuta kwanza, ishikwe kwa klempu na ubao mshazari. Funga mbao mbili za nyuma upande huo, ncha ya pili ikae juu ya debe. Leta fremu ya kulia, funga. Sasa inasimama yenyewe. Hapo ndipo umwite msaidizi ashike plaiwudi. Kisha sanduku, kisha mbao za juu ukianzia ya nyuma na kuja mbele. Ukianza na ya mbele utakuwa unainyanyua ya nyuma juu ya mikono iliyonyooka. Mguu usiogusa sakafu usiukate: weka kabari ya mbao ngumu chini yake, kwa sababu sakafu iliyopinda itakudanganya ukihamisha meza kidogo.

KitiNaMto:

Mafundi wamemaliza ya mbao, mimi nasema ya mwili. Kama miguu haina hisia, usiweke patasi, keekee ya kutobolea iliyopata moto wala ubao mzito mapajani, hata kwa sekunde. Jeraha utaliona jioni kwenye nguo. Pata ubao mwepesi wenye kingo wa kukaa juu ya mapaja, au trei iliyofungwa ubavuni mwa meza upande wa mkono wa kulia. Kingo ya meza ya mbele chini uiviringe kwa msasa, ndiyo inayokwaruza ngozi ya goti bila kusikika. Unga ukiingia chini ya mto unatengeneza vibonge vigumu pale unapokalia: ondoa mto na uukung'ute kila baada ya kazi. Na ujinyanyue kwa mikono kila nusu saa, kwa sababu kupiga randa kunakufanya uinamie upande mmoja muda mrefu.

Vifaa vya ukutani visizidi sentimita 120 kwenda juu. Meza ina kina cha 57, mkono ukipita hapo kiwiliwili kinainama na kiti kinaelemea mbele.

BiRanda:

La mwisho kutoka kwangu, kutu. Lamu bolti isiyo na zinki haina maisha marefu. Chukua za zinki nene, paka grisi kwenye meno, na jiliwa upake mafuta kila wiki. Uso wa meza upake mafuta ya kitani mara mbili, siku moja kati. Tambara lenye mafuta hayo usilikunje ukalitupa kwenye maranda, linaweza kuwaka lenyewe. Litandaze nje kwenye kamba mpaka likauke au lizamishe kwenye maji. Kaza skurubu zote kaskazi ikitulia, na tena mvua za mwaka (masika) zikiisha.