Tupeane uzoefu: giaboksi ya otomatiki inavuja haidroliki, ulimalizaje?

Wakuu, Corolla yangu ya 1998 ilianza kuacha doa jekundu kila ninapoegesha. Fundi wa kwanza alichungulia dakika mbili, akasema sili ya mbele imekufa, giaboksi ishushwe. Roho iliniuma, maana hiyo ni kazi ya siku nzima na gharama yake mnaijua. Nikaomba tuoshe chini kote kwanza, pakauke, nizunguke nusu saa, halafu nitandike boksi la karatasi usiku. Asubuhi matone yalikuwa pembeni kabisa, pale ekseli ya kulia inapoingia. Sili ikabadilishwa mchana mmoja, giaboksi haikuguswa. Nawe yako ilivuja wapi?

*Mwenye Noah, Dodoma*
Yangu ilikuwa gasketi ya sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi. Fundi akazidi kukaza bolti. Jamani, zile bolti ni ndogo, hazitaki nguvu! Midomo ya sampo ikapinda, likaanza kuchuruzika. Akapaka silikoni nyingi, nayo ni hatari kwa sababu vipande vikikatika ndani vinaziba chujio. Fundi wa pili alinyoosha midomo taratibu juu ya ubao, akaweka gasketi mpya, kavu, akakaza kwa kupishanisha bolti. Mwaka wa pili huu.

*Dada wa Tanga*
Kwangu ilivuja injini ikiwaka tu. Ulikuwa mpira wa kwenda kwenye rejeta, umepasuka kwenye klipu. Chungulieni na maji ya rejeta pia: yakiwa na rangi ya waridi kama maziwa, kipoza haidroliki kilichomo ndani kimetoboka. Usiendeshe, ivute.

*Mzee wa gereji*
Wanangu, kwenye Toyota zenye kijiti cha kupimia haidroliki, pimeni injini ikiwa ya moto na inaunguruma, baada ya kupitisha leva gia zote na kurudi P. Kijana mmoja alipima ikiwa bado ya baridi, akajaza kupita kiasi. Haidroliki ikafanya povu, ikatapika kwenye kipumulio, akabadilisha sili mbili zisizo na kosa. Na aina ya haidroliki msibahatishe, mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti: T-IV si WS.

*Mwanzisha uzi*
Shikamoo mzee. Nimepima hivyo leo, kipimo kimesimama pale pale, boksi kavu. Mwenye Noah, hicho chujio ulikiosha au ulinunua kipya?