MREJESHO: Mita saba za umeme na lango la mtandao, Goma

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini lango letu la mtandao hapa Goma (kifaa kinachokusanya namba za mita na kuzipeleka kwenye mtandao) linasoma vizuri mita nne tu kati ya saba za jengo: mbili zilikuwa zinatokea na kupotea, ya pampu ya maji kimya kabisa. Leo zote zinasomeka. Asanteni sana.

Zile mbili zilikuwa na anwani moja, namba 1, kama zilivyotoka kiwandani. Kwenye Modbus, lugha ambayo mita na lango huongea, kila mita inataka anwani yake, kati ya 1 na 247, la sivyo zinajibu kwa pamoja na majibu yanagongana. Kubadilisha anwani kulichukua dakika tano tu.

Kilichonitesa ni waya. Fundi wa kwanza aliutawanya kama matawi ya mti, wakati RS-485, aina ya waya wa data unaounganisha mita hizi, inataka mstari mmoja, mita hadi mita, na rezista (kizuizi kidogo cha umeme) ya ohm 120 kwenye kila ncha ya mstari. Jumamosi tulizima umeme tukavuta upya. Kwenye mita ya pampu nikakuta nyuzi mbili za data, A na B, zimepishana, skrubu zimejaa vumbi jeusi la hapa kwetu. Nilizisugua skrubu kwa mswaki mkavu, nikazigeuza nyuzi, taa ya lango ikaanza kupepesa.

Papa uliyeniambia nisinunue lango jipya, Mungu akubariki, lilikuwa zima. Nimelitenga kwenye mtandao wake peke yake, maana Modbus kwenye bandari 502 (namba ya mlango inaoutumia kwenye mtandao) haiulizi nenosiri.

Usiku wa kwanza tu tumeona tangi la maji moto linakula umeme saa nane ya usiku, watu wamelala. Kesho tunaliwekea saa ya kuliwasha na kulizima.