Mrejesho: asanseri (lifti) inayosema

Ndugu, niliuliza namna ya kutuliza asanseri ya jengo letu hapa Lubumbashi, inayotangaza kila ghorofa hadi mezani kwetu. Mlioshauri tukate waya, hapana: kuna papa (baba mmoja) asiyeona anayepanda ghorofa ya nne kila asubuhi, anaitegemea sauti hiyo.

Fundi amefungua paneli ya vitufe. Nyuma ya spika kuna skrubu ndogo ya sauti, nayo ilikuwa imezungushwa hadi mwisho! Ameipunguza. Kwenye korido ameacha kengele tu: mlio mmoja ikipanda, miwili ikishuka, utaratibu uliomo pia kwenye viwango vya Marekani. Papa amejaribu, anasikia vizuri. Ila umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, hasikii kitu. Hapo bado tunabishana na msimamizi.