Tupeane uzoefu: mlimpataje mshauri wa kuwasaidia kupona baada ya ndoa ya kipigo?

Mama Wawili

Habari zenu wapendwa. Hii post nimeiandika na kuifuta mara tatu wiki hii, leo naituma. Naomba tuelezane kwa tuliopitia, siyo habari za alikupigaje maana hizo kila mtu anazo na nyingine hazisemeki, nataka tuongelee kule baada ya kutoka, ulimpata wapi mtu wa kukaa naye chini mkaongea mpaka ukaanza kupona. Kwa sababu mimi kutoka nilitoka, huu mwaka wa pili nipo kwa mama na wanangu, lakini mwili haujajua kama tumehama. Bodaboda ikisimama nje ya geti usiku najikuta nimeshafika jikoni, nimezima jiko, simu nimeificha kwenye ndoo ya unga, halafu ndo nakumbuka hapa ni kwa mama na huyo ni kijana wa jirani anarudi kazini.

Naanza na ya kwangu. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mama mmoja wa kanisani, aliniombea nikalia nikapata nafuu ya jioni moja, sina ubaya naye kabisa. Ila kila nikirudi jibu ni vumilia, na vumilia nilishaambiwa kwenye kitchen party na mashangazi sita mbele ya ukumbi mzima, sikuhitaji kuambiwa tena nikiwa na jicho limevimba.

Wa pili alikuwa kocha wa mahusiano wa mtandaoni, ana wafuasi wengi tu, nikamtumia 60,000 kwa simu. Hapo bado nipo ndani ya ndoa. Akasema hawezi kusikiliza upande mmoja, nije na mwenzangu. Nikambembeleza mume wangu wiki nzima akakubali. Tukakaa pale kwenye kochi, kocha akasema hapa kila mtu awe huru afunguke, nikamwamini nikafunguka, nikasema mpaka habari za mkanda. Mume wangu anaitikia kwa kichwa, akaomba msamaha mbele ya kocha, akamshukuru na kumpa mkono. Kwenye gari hakusema neno, alizima redio basi. Njia nzima nilikuwa naangalia mkono wake kwenye gia. Yaliyotokea usiku ule ndo yalinifikisha hospitali na PF3 mkononi, ile fomu ya polisi ya kutibiwa.

Na kule hospitali ndo nikampata wa tatu, ambaye wala sikumtafuta. Nilipomaliza kushonwa nesi akanipeleka chumba cha afisa ustawi wa jamii, mama mtu mzima ana daftari la kaunta mezani. Nikajiandaa kuulizwa ulimfanya nini mpaka akakupiga hivi. Hakuuliza. Akaniuliza, "Ukitoka hapa leo unalala wapi mwanangu, na yeye anapajua?" Nilikaa kimya muda mrefu sana, maana miaka 9 hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Yule mama siyo mwanasaikolojia lakini ndo alinielekeza kwa mwanasaikolojia wa hospitali ya rufaa ambaye ninaye mpaka leo, kila baada ya wiki mbili siku ya Alhamisi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo mmoja, sikiliza swali lake la kwanza. Akianza na "ulimkosea nini" beba mkoba wako, na hela yako kama hujalipa. Haya na nyie semeni.

Bint Pangani

Pole dada yangu, umenitoa machozi hapo kwenye redio.

Mi wa Tanga. Kwetu lile neno lenyewe ushauri nasaha ndo kikwazo, ukilitaja watu wanajua umepima virusi vya ukimwi. Ni tangu enzi zile za vituo vya Angaza, mtu akisema katoka kwa mshauri basi ukoo mzima unaanza kuhesabu kilo zake. Na hospitali niliyoenda chumba cha mshauri kipo ubavuni kwa CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi, benchi ni hilohilo moja. Wifi yangu akapita akanikuta nimekaa pale, jioni simu zikaanza.

Halafu ndani mlango haufungi, kitasa kibovu, foleni yote inasikia. Kikao cha kwanza niliongea uongo mwanzo mwisho, nikasema nina presha na silali vizuri. Mshauri akaandika akanipa siku nyingine. Mara ya pili nikapiga moyo konde nikamwambia, dada mimi humu siwezi kusema kitu, naomba tutoke. Akaniangalia, akabeba viti viwili vya plastiki mwenyewe mpaka chini ya mwarobaini nyuma ya maabara. Vikao vyangu vyote 11 vilivyobaki vimefanyika chini ya ule mti, watu wanapita mbali wanadhani ni wauguzi wanapumzika. Kwa hiyo ombeni jamani, omba mlango ufungwe, omba mhame chumba, omba wa kike kama unaogopa wa kiume. Mi nilidhani ukiwa wa bure huna haki ya kuomba.

Nyegezi

Mwanaume hapa, wa Mwanza. Nitasema kwa kifupi. Mke wangu alinimwagia chai ya moto begani, na haikuwa mara ya kwanza kuniumiza. Nilienda kuripoti, nikaulizwa mbele za watu kama kweli mimi ni mwanaume, wakacheka watatu. Nikarudi nyumbani na sikumwambia mtu tena, nikawa nakunywa. Miaka miwili.

Aliyenishika mkono ni daktari wa presha. Anavua kile kitambaa cha kupimia akaona kovu, akauliza mara moja tu nani kakufanyia hivi, halafu akanyamaza akasubiri. Nikasema. Akaniandikia kwenda kitengo cha afya ya akili, nikakaa na ile karatasi miezi minne kwenye waleti kwa sababu nilijua nikionekana kule nitaitwa wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilipoenda nikakuta ni chumba cha kawaida, meza, feni, mtu anakusikiliza. Pombe nimeacha mwaka na nusu sasa. Wanaume mliopo humu na mnasoma kimya, nendeni.

Mama Wawili

Kaka Nyegezi asante kwa kuandika, na pole sana. Hakuna atakayekucheka hapa.

Mwana wa Kibokoni

Asalaam aleikum. Mie wa Mombasa. Kwetu Kenya kuna namba 1195, kupiga ni bure na hata usiku wanashika. Niliyezungumza naye ndiye alonielekeza kituo cha waliodhulumiwa pale hospitali kuu ya Pwani, Makadara tunavyoiita.

Kaunsela niliyepewa alikuwa kijana mno, makamo ya mwanangu wa pili, nami nikamdharau wallahi. Nikamwambia mwanangu, wewe utanambia nini mie wa ndoa ya miaka 22? Hakukasirika. Akasema, "Mama, mimi sikuja kukufunza ndoa, nataka ulale." Kwani nilikuwa silali, saa nane za usiku zikifika macho yafunguka kama yamebonyezwa, maana ndio saa alokuwa akirudi.

Akanifunza nikiamka na moyo wanidunda nishushe miguu chini niikanyage sakafu ile baridi, kisha niseme kwa sauti vitu vitano nivionavyo. Neti. Pangaboi. Kanga ya mamangu mlangoni. Jagi. Dirisha. Kisha vinne vya kugusa, vitatu vya kusikia, hivyo hivyo nikishuka. Akanieleza ati moyo ushazoea kukimbia kabla akili haijauliza kuna nini, sasa twaufunza kuwa yule mtu hayupo chumbani. Siku za mwanzo niliona ni mchezo wa watoto, lakini nikafanya. Mwezi wa pili kuna usiku nililala hadi adhana ya alfajiri, nikaketi kitandani nikalia kwa furaha, mamangu akaja mbio akidhani kuna msiba.

Talaka nilikuwa nimeshaipata kwa kadhi kitambo, karatasi ninayo sandukuni. Watu wakaniambia basi yamekwisha, mbona wakonda? Hawakujua usingizi haukuandikwa mle kwenye karatasi.

Asiye na Jina

Nipo Uingereza, niliolewa huku. Tatizo langu lilikuwa lugha. Kiingereza cha dukani ninacho, cha kusema yale hapana. Daktari akanipangia mtu wa kuongea naye pamoja na mkalimani wa kwenye simu, simu inawekwa mezani spika wazi. Mkalimani aliposema habari yako dada tu nikaitambua sauti. Ni mtu ninayekutana naye kwenye misiba na harusi zetu, na mume wangu anafahamiana naye. Nikasema tumbo linauma, nikaondoka.

Miezi mingi baadaye ndo nikaambiwa kumbe naruhusiwa kukataa mkalimani, naruhusiwa kuomba wa kike na wa mji mwingine. Nikapata mama mmoja Mkenya, mzuri sana, ila bado ni kazi, ukilia unasubiri kilio chako kitafsiriwe. Siku moja nikasema nimechoka. Ikatafsiriwa nimechoka kama mtu aliyetoka kazini, mshauri akaanza kunieleza umuhimu wa kupumzika. Nilikuwa namaanisha nimechoka kuishi. Ilibidi nirudie kwa maneno mengine, na kuyatamka mara ya pili ni kugumu kuliko ya kwanza. Baada ya hapo walinichukulia kwa uzito na walinifuatilia kwa karibu, nawashukuru.

Sasa hivi naongea kwa video na mwanasaikolojia aliyepo Dar, saa zetu zinapishana 3, kiangazi 2. Nikimwambia mama mkwe aliniita tasa mbele ya watu kwenye arobaini ya mtoto wa wifi, sihitaji kueleza arobaini ni nini.

Msikilizaji

Mimi ni mshauri kwa taaluma, na pia nimekulia kwenye nyumba ya hivyo. Dada Mama Wawili, yule kocha alikosea na siyo wewe. Kipigo kikiwa bado kinaendelea hatuwakalishi wawili chumba kimoja, kwa sababu atakachosema mmoja atakilipia nyumbani. Yeyote anayeng'ang'ania mje wote wakati umeshamwambia unapigwa, hajui anachofanya. Mwulize kasomea wapi, amewahi kuhudumia watu wa aina yako, na siri zako anazitunzaje. Mwenye taaluma hachukii kuulizwa.

Jingine, watu wanachanganya baraza la usuluhishi na tiba. Kwa Tanzania ukitaka talaka kwa kawaida lazima upitie baraza kwanza, ni hatua ya kisheria, usiende kule ukitegemea utatoka umepona. Na wateja wangu wapya nawasomea Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66, hakuna mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya kipigo, hata mila iseme nini. Wengi wananiomba nisome tena.

Kijukuu

Swali. Wangu ni mzuri ila kila kikao anarudi kwenye kusamehe. Niendelee naye?

Mama Wawili

Mwambie wazi hilo sitaki kwa sasa. Wa kwangu nilimwambia hivyo hivyo akalifuta kwenye karatasi yake mbele yangu, na hajalirudia. Akiendelea kukulazimisha badilisha, tena usione haya, mbona fundi nguo akikukosea mara mbili tunahama.

Mama K

Mimi bado nipo ndani. Naandika kwa simu ya fundi wangu cherehani maana yangu anaikagua kila jioni hadi miamala. Nipo Mbeya, nina mtoto wa miezi 7. Nianzie wapi asijue?

Mama Wawili

Mdogo wangu pole, na umefanya vizuri kutumia simu ya mtu mwingine. Siku ya kliniki ya mtoto ndo siku yako, hakuna atakayekuuliza unaenda wapi. Ukimaliza kupima uzito mwambie nesi taratibu kwamba unaomba kuonana na afisa ustawi wa jamii, kama hospitali yenu ina kituo cha mkono kwa mkono, kile cha kuhudumia waliofanyiwa ukatili, atakupeleka hapohapo. Hulipi kwa simu kwa hiyo hakuna ujumbe utakaobaki. Usipokee karatasi yoyote, tarehe ya kurudi waiandike kwenye kadi ya mtoto kama miadi ya kawaida. Toka kwenye hii akaunti ukimaliza, usiiache wazi kwa fundi. Na akianza kabla ya siku hiyo usisubiri kliniki, chukua mtoto nenda dawati la jinsia polisi au hata kwa mjumbe, vitu vitafuatwa baadaye.

Kliniki yenu lini?

Mama K

Jumatano.

Mama Wawili

Basi Jumatano. Mfunike mtoto vizuri, asubuhi huko kwenu kuna baridi. Ukipata nafasi kwa fundi andika neno moja tu, hata nukta, nijue umefika.