Majaribio ya Selenium yanapita kwenye laptop, yanafeli kwenye seva

Swali
Wakuu, tuna majaribio 40 ya skrini za malipo, Selenium (programu ya kuendesha kivinjari kiotomatiki) na Python. Kwenye laptop yote yanapita. Kwenye seva, Chrome ikiendeshwa bila skrini ndani ya kontena la Docker (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu), kila usiku mawili matatu yanafeli, na si yale yale. Kosa linalojirudia ni ElementClickInterceptedException kwenye kitufe cha "Lipa". Nimejaza time.sleep(5), yaani subiri sekunde 5, kila mahali, makosa yapo palepale.

Jibu la 1
Kosa hilo linakwambia kitufe kipo, ila kuna kitu kimekifunika wakati wa kubofya. Mara nyingi ni lile pazia la "Tafadhali subiri" ambalo halijaondoka. Sleep haijui pazia linaondoka lini. Futa zote, subiri tukio lenyewe:

`WebDriverWait(driver, 15).until(EC.invisibility_of_element_located((By.ID, "pazia")))`

Hapo ndipo ubofye. Inakagua kila nusu sekunde na kuendelea pazia likitoweka. 15 ni kikomo tu. Usitegemee element_to_be_clickable peke yake: inaangalia kama kitufe kinaonekana na hakijazimwa, haiangalii kama kimefunikwa. Na kama kuna implicitly_wait mahali (muda wa kusubiri unaowekwa mara moja kwa kila kipengele kinachotafutwa), iondoe. Ukiichanganya na WebDriverWait, muda wa kusubiri hautabiriki.

Jibu la 2
Angalia na ukubwa wa dirisha. Bila skrini, Chrome inaweza kufunguka kwa pikseli 800 kwa 600, ukurasa ukajipanga kama wa simu na menyu ikakaa juu ya kitufe. Weka `--window-size=1920,1080`. Chrome ikizimika katikati, hiyo ni /dev/shm, kumbukumbu ya pamoja ambayo Chrome hutumia: Docker huipa kontena MB 64 tu. Endesha kwa `--shm-size=2g`. Pia piga save_screenshot jaribio linapofeli, kabla ya driver.quit(), picha moja itamaliza ubishi wote huu.

Jibu la 3
Hilo la "si yale yale" msilipite. Je, yanaendeshwa sambamba kwa akaunti moja ya mteja? Basi jaribio moja linamwaga kikapu ambacho jingine linakilipia. Kila jaribio litengeneze mteja wake kupitia API (njia ya programu kuzungumza na seva moja kwa moja) kabla ya kufungua kivinjari.

Halafu 40 kupitia skrini ni mengi mno. Hesabu za VAT na punguzo zipimeni moja kwa moja kwenye msimbo (code) wa seva, zinaisha kwa sekunde chache. Skrini iachieni safari nzima ya mteja: kuingia, kuchagua, kulipa, kupata risiti, na malipo yaliyokataliwa.