Naomba ushauri: mbigiri zimenishinda njia ya baiskeli Clare Valley

Wakuu, habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Naishi Adelaide, Australia. Mwezi ujao nataka kumpeleka mwanangu wa miaka 12 tukaendeshe baiskeli Clare Valley, bonde la mizabibu kaskazini mwa huku. Tutaanzia Riverton, kando ya mto Gilbert, tufuate Rattler Trail kama kilomita 19 hadi Auburn, kisha Riesling Trail kilomita 35 hivi hadi Barinia. Zamani ilikuwa reli; moto wa 1983 uliharibu sehemu yake. Sasa ni njia ya changarawe, magari unakutana nayo unapokatiza barabara tu. Vilima vyake vya pole, treni haikupenda kupanda.

Shida ni mbigiri. Ndiyo, hizi hizi za kwetu! Nilipojaribu peke yangu nilipata pancha 3 kabla ya kufika Sevenhill, pale Wajesuiti walipoanza kulima zabibu 1851 kwa ajili ya divai ya misa. Nikaweka tubu nene, wapi. Nikatandika ukanda wa plastiki ndani ya tairi, nao ukaisaga tubu yenyewe. Tairi zangu zina upana wa milimita 35. Za mtoto ni za kipenyo cha inchi 24.

Waliowahi kuendesha kwenye mbigiri: nihamie tairi zisizo na tubu, zile za kumwagia gundi ya maji, au gundi hiyo inafaa hata ndani ya tubu za kawaida? Na kwa mtoto wa umri huo, kilomita 54 ni za siku moja, au tulale Auburn?